Mwongozo kamili: Jinsi ya kujua kama gemu ya kujenga miji na kupanga vita inamfaa mtoto wako, kabla hujamwekea kwa simu

Shule zikifunga tu, kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Kibuye, Kisumu, kinajaa wazazi wenye swali moja. "Fundi, mtoto amenisumbua na hii gemu nimwekee, iko sawa ama haiko sawa?" Wengi washajaribu kuamua wenyewe nyumbani na wanakosea mahali pamoja kila mara. Wanafungua Play Store, wanaona 7+, wanaangalia picha mbili tatu, damu hakuna, wanaweka. Wiki mbili baadaye wamerudi na mambo mengine kabisa, pesa imeenda, ama mtoto halali, ama kuna mtu mzima anachati na yeye na hakuna mtu nyumbani anamjua.

Hizi gemu za strateji, za kujenga kijiji, kukusanya dhahabu, kupanga jeshi na kulinda ukuta, zinadanganya macho juu zinaonekana safi. Katuni, rangi nzuri, mtoto anafikiria, hata mwalimu angezipenda. Na ziko nzuri kweli, zingine. Lakini ile nambari ya umri inakuambia mtoto ataona nini, haikuambii ataongea na nani wala gemu itamwita saa ngapi usiku. Hayo utayajua ukicheza mwenyewe, na hii ndio njia mimi natumia.

## Vitu utahitaji

Tafuta hivi kwanza, usianze katikati:

- Simu ama tablet ambayo inaeza kaa na wewe jioni tatu mfululizo
- Akaunti mpya ya Google isiyo na kadi, isiyounganishwa na M-Pesa wala kredo ya laini yako
- Bando ama Wi-Fi, gemu zingine ni kubwa na zikishaingia bado zinavuta faili zingine
- Daftari na kalamu, maana utasahau
- Dakika 40 kila jioni
- Mtoto mwenyewe, lakini huyo anakuja mwisho

Usimwambie mtoto umeshaanza kuijaribu. Atakuuliza kila dakika tano imefika wapi na utaharakisha.

## Hatua ya 1: Soma ukurasa wa gemu hadi chini

Fungua Play Store, tafuta gemu, na uachane na nyota kwanza. Nyota zinaonyesha watu wameipenda kiasi gani, na wengi wa hao ni watu wazima.

Angalia chini ya jina. Kama kumeandikwa "Contains ads" kuna matangazo, kama kumeandikwa "In-app purchases" kuna vitu vya kununua ndani. Sasa shuka kwa maelezo kamili ya gemu, huko chini utapata bei ya kitu cha chini zaidi na cha juu zaidi kwa shilingi. Andika hizo bei mbili kwa daftari. Wazazi wengi hawajawahi kufika hapo chini, na ukimwonyesha mtu kwamba ndani ya gemu ya bure kuna kitu kimoja cha maelfu ya shilingi anakaa kimya kwanza.

Halafu nambari ya umri. Nambari unazoona ni 3, 7, 12, 16 na 18. Zile GE, PG, 16 na 18 za KFCB tumezoea kwa filamu, huku usizitafute. Hizi za Play Store zinatoka kwa mfumo unaitwa IARC, ambapo wenye gemu wanajibu maswali kuhusu kile kiko ndani, kisha mfumo unatoa nambari. Ukibonyeza hiyo nambari utapata maelezo zaidi. Ukikuta "Users Interact" jua kuna kuongea na watu wengine, na ukikuta maneno "Includes Random Items" jua kuna kununua kitu bila kujua utapata nini. Hayo maneno ni ya maana kuliko nambari yenyewe.

Tena nambari haisemi gemu ni rahisi ama ngumu. Chesi inaeza kuwa 3+ na mtoto wa miaka mitatu ataweka farasi mdomoni. Na nambari hazikubaliani, kwa mfano Civilization VI ya 2016, Marekani wameipa E10+, yaani kuanzia miaka kumi, Ulaya kwa mfumo wao wa PEGI wameipa 12. Gemu ni ileile. Kwa hivo ichukue nambari kama mlango wa kuingilia, kazi bado iko mbele.

Umemaliza hatua hii ukiwa na mistari minne kwa daftari: umri, matangazo yapo ama hayapo, bei ya chini na ya juu, kuongea na watu kupo ama hakupo.

## Hatua ya 2: Tazama mtu mwingine akicheza

Fupi hii. Tafuta YouTube vidio ya mtu wa kawaida akicheza hiyo gemu, ruka mwanzo, tazama dakika ishirini za katikati. Usitazame tangazo la wenyewe. Kuna matangazo yanaonyesha gemu ya kuvuta pini kuokoa mfalme, ukipakua unakuta ni gemu ya kujenga ngome na kupigana na wageni, hakuna pini hata moja.

Ukiona kitu kinakukataza hapo, ishia hapo. Umeokoa bando.

## Hatua ya 3: Cheza jioni tatu bila kulipa hata shilingi

Hapa ndipo watu wanakataa, "fundi mimi sina muda wa gemu". Ndugu yangu, mtoto atakuwa huko ndani saa mbili kwa siku likizo nzima, wewe huwezi toa saa mbili kwa jumla?

Kwa nini jioni tatu? Juu siku ya kwanza kila gemu ni tamu. Unapewa zawadi, majengo yanaisha kwa sekunde, unashinda kila vita, mishale inakuonyesha bonyeza hapa bonyeza hapa. Siku ya pili mambo yanapoa, jengo linaanza kuchukua nusu saa, saa mbili, saa nane. Siku ya tatu ndio ofa zinaanza kuruka kwa skrini. Ukihukumu kwa siku ya kwanza umehukumu tangazo.

Na vitu vingine havifunguki mapema. Kwa Clash of Clans kwa mfano, gemu ya kujenga kijiji, huwezi ingia klani, yaani kikundi cha wachezaji wanaopigana na kuchati pamoja, mpaka ujenge upya jengo la Clan Castle. Mzazi akicheza dakika kumi ataapa hakuna mahali pa kuchati.

Ukicheza andika:

Matangazo. Mangapi kwa nusu saa na ya nini. Hii ni muhimu kwetu huku maana gemu ya katuni inaeza kukuletea tangazo la kubeti, ndege inapaa pesa inaongezeka, na mtoto wa miaka minane hajui hiyo si gemu ingine. Kubeti chini ya miaka 18 ni kosa Kenya, na mimi nikiona tangazo la hivo hata mara moja gemu imefika mwisho kwangu, sisubiri la pili.

Kusoma. Je, kuna maneno mengi? Gemu nyingi ni Kingereza na mtoto wa Grade 2 ama 3 hasomi yale maelezo, anabonyeza tu kitufe cha kijani. Sasa jiulize kitufe cha kijani kinafanya nini kila mahali. Kuna sehemu kinaendelea na hadithi, kuna sehemu kinamaliza jemu zake zote, yaani pesa ya ndani ya gemu, na rangi ni ileile.

Kisha zima data na Wi-Fi na ufungue gemu tena. Ikifunguka na kuchezeka bila intaneti, umeondoa shida nusu kwa mara moja: hakuna wageni, matangazo mengi yanapotea, bando inabaki. Haya ni majaribio ya sekunde kumi na sijui kwa nini watu hawayafanyi.

## Hatua ya 4: Jaribio la ugali

Hili nimelipa jina mwenyewe. Ukiwa katikati ya vita, pale pamoto kabisa, fanya kama mama ameita chakula kiko mezani. Zima skrini, weka simu chini, nenda ukakae dakika ishirini. Rudi uone kimepotea nini.

Gemu za strateji ziko aina mbili kubwa. Kuna za zamu kwa zamu, wewe unasogeza, mwingine anasogeza, kama ajua, yaani bao. Kuna za papo hapo, kila mtu anasogeza saa ileile na ukizubaa umekwisha. Za zamu mara nyingi zinakungoja. The Battle of Polytopia, kwa mfano, iko na aina ya mchezo wa zamu 30, ukimaliza zimeisha unahesabiwa pointi, na ukicheza peke yako haihitaji hata intaneti. Mtoto akiitwa zamu ya 14 anaenda kula, akirudi bado ni zamu ya 14.

Za papo hapo si mbaya kwa sababu ya hiyo tu. Kuna zenye vita vya dakika tatu tu, hiyo unaeza mwambia mtoto maliza hii uje. Shida ni zile ukitoka katikati unapoteza askari, unapoteza alama, na wenzako wa klani wanakulaumu. Hapo mama akiita, mtoto anachagua kati ya mama na watu kumi wasioonekana, na kila nyumba inajua hizo kelele zinaendaga aje.

Gemu imepita kama ulirudi ukapata vitu vyako, ama mchezo mmoja unaisha ndani ya dakika kumi.

## Hatua ya 5: Iachie simu usiku mzima

Ruhusu notifikesheni zote za gemu. Ndio, zote. Jioni ya pili ukimaliza kucheza weka simu mezani na usiiguse mpaka asubuhi, halafu uhesabu imekuita mara ngapi na saa ngapi, uandike.

Nitawaambia nilijifunza wapi. Kijana wangu alikuwa miaka tisa, likizo ya Desemba. Nilikuwa nimemwekea gemu ya kujenga kijiji baada ya kuangalia nambari na picha, venye wengi wanafanya. Usiku mmoja naamka kunywa maji naona mwanga chini ya blanketi. Nikafunua, ako macho kabisa, simu ya mama yake iko kifuani, ameweka alamu na kuifunika na mto isisikike. Nikamuuliza unafanya nini saa hii. Akanijibu kwa upole tu, hakuwa hata anaogopa, "Baba, ngao yangu inaisha saa tisa na robo. Wakinipata nimelala watachukua yote."

Nilikaa kwa kitanda chake. Hakuwa anacheza, alikuwa analinda. Vile mtu analinda ng'ombe.

Hiyo ndio kitu utafute. Je, wachezaji wengine wanaeza kukushambulia ukiwa umetoka? Wakikushambulia wanachukua ulichokusanya? Kuna ngao ya muda, yaani saa ambazo hakuna mtu anaeza kukushambulia? Ngao inaisha saa ngapi? Kwa gemu nyingi za kujenga kijiji jibu ni ndio, na kwa mtu mzima si kitu, unaamka unaona umeibiwa dhahabu ya katuni unaendelea na chai. Mtoto wa miaka minane, tisa, hiyo dhahabu ni kazi yake ya wiki.

Ile gemu ya kijana wangu nilikuja kuihesabia baadaye. Mara kumi na moja, kutoka saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Onyo: usijitulize eti utazima notifikesheni na mambo yaishe. Simu itanyamaza, lakini kichwa cha mtoto hakijanyamaza, anajua ngao inaisha. Kama gemu inaadhibu anayelala, kwa mtoto chini ya miaka 12 mimi nasema hapana.

## Hatua ya 6: Fuata pesa

Fungua duka lililo ndani ya gemu. Utakuta haliuzi kwa shilingi moja kwa moja, unanunua jemu kwa shilingi halafu jemu zinanunua vitu. Hiyo ni ya kukusahaulisha bei. Kwa hivo rudisha hesabu: kama jemu 500 ni shilingi 600, na kumaliza jengo haraka ni jemu 250, basi hiyo dakika umenunua kwa mia tatu. Andika kwa shilingi, na siku ya mwisho mwonyeshe mtoto pia, watoto wa soko wanaelewa hesabu hiyo haraka sana.

Tofautisha aina tatu za kununua. Kununua kitu unachokijua, mara moja, bei moja, hiyo ni kama kununua mpira. Kununua muda, yaani kuruka kungoja, hiyo haiishi maana kila jengo linalofuata linangojesha zaidi. Na kununua sanduku usilojua ndani kuna nini, hiyo ndio mbaya zaidi, Ubelgiji tangu 2018 walisema masanduku ya kulipia ya namna hiyo yanaingia kwa sheria ya kamari. Mimi siwezi kumfundisha mtoto kamari kwa katuni kisha nishangae akiwa na miaka 19.

Sasa kwa simu yako. Play Store Kenya inakubali M-Pesa, na ulinzi wako ni PIN. Mtoto anayetumwa na mama kutuma pesa dukani kila siku anaijua hiyo PIN kuliko wewe. Kabla hujampa simu:

1. Toa njia zote za kulipa kwa akaunti atakayotumia.
2. Kwa setingi za Play Store, tafuta panaposema kuthibitisha ununuzi, weka idai pasiwedi kila mara.
3. Badilisha PIN ya M-Pesa. Leo. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, ndio wa kwanza atajaribu.

Kama pesa ishaenda, omba Google wakurudishie ndani ya saa 48, baada ya hapo inabidi uongee na wenye gemu na hiyo ni safari. Usifute gemu wala akaunti kabla ya kuomba, na uweke risiti ya barua pepe na meseji ya M-Pesa.

## Hatua ya 7: Ingia kwa klani ukae kimya

Jioni ya tatu, ingia kwa klani yoyote iliyo wazi, jina lako liwe la kawaida, na usome chati kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Usiandike kitu. Soma tu.

Unatafuta nini? Lugha, kwanza, maana matusi utayaona ndani ya dakika tano kama yapo. Lakini chunga zaidi haya:

Mtu anasema "tuhamie WhatsApp" ama Discord. Huko gemu haina ulinzi wowote tena.

Mtu anauliza umri, shule, ama unaishi wapi. Watoto wetu wanajibu maswali ya mkubwa kwa heshima, tumewafundisha hivo wenyewe, na huyo wa kwa chati wanamwona mkubwa.

Mtu anasema nipe akaunti yako nikuapgredie, ama anatoa jemu za bure kwa linki. Huyo ni mwizi, hakuna cha kufikiria.

Kisha jaribu kufunga. Nenda setingi uone kama chati inazimika kabisa, kama unaeza kuzuia mtu na kumripoti, kama mgeni anaeza kukuandikia faragha. Gemu ambayo chati haizimiki na mtoto ako chini ya miaka 12, nairudisha.

Kama mtoto wako tayari ameandikiwa vitu vibaya, usimpige na usifute chati. Piga picha za skrini, na kuna namba 116 ya Childline Kenya, ni ya bure, wanasikiliza mtoto na mzazi.

## Hatua ya 8: Vita vyenyewe

Wazazi wanaanza hapa, mimi naiweka karibu mwisho juu kwa strateji mara nyingi ndio sehemu nyepesi. Askari ni wadogo kama sisimizi, wakifa wanapotea na moshi. Angalia tu kama kuna picha za karibu za watu wakiumia, kama wanawake wamevishwa vibaya kwenye ofa, na kama gemu inakupa zawadi kwa kuumiza raia ama wafungwa. Ukikuta, amua kulingana na umri. Usipokuta, songa.

## Hatua ya 9: Sasa mwite mtoto

Mkalishe pembeni yako, dakika thelathini, yeye acheze wewe uulize. Usimfundishe.

Muulize, kwa nini umeweka ukuta hapa? Ukimaliza hilo jengo utafanya nini? Huyo adui amekushinda aje?

Kama anasema "nimeweka ukuta hapa juu wanapitia upande wa mto, halafu mizinga iko nyuma", ameanza kupanga, gemu inamfanyia kazi. Mtoto wa hivo ndiye anamshinda babu yake ajua. Kama kila jibu ni "nangoja hii iishe" ama "nabonyeza tu", basi hajafika umri wake ama gemu yenyewe haina strateji, ni saa ya kungojea yenye picha.

Angalia mikono pia. Akishindwa anafanya nini? Kukasirika kidogo ni kawaida. Akianza kutetemeka na kutaka kurudia papo hapo, mpe miezi sita, mjaribu tena.

## Hatua ya 10: Amua, ufunge milango

Rudi kwa daftari. Vitu vinne kwangu havina mjadala kwa mtoto chini ya miaka 12: gemu inaadhibu anayelala, chati haizimiki, inauza masanduku ya bahati, inaleta tangazo la kubeti. Moja tu ikiwepo, hapana. Mengine yote, matangazo ya kawaida, maneno magumu, vita virefu, yanaeza kurekebishwa mkikaa pamoja.

Kama ni ndio, weka akaunti ya mtoto na uisimamie na Family Link, app ya Google ya wazazi, hapo utaweka saa za kulala na kila gemu mpya itaomba ruhusa yako. Jina la kuchezea lisiwe jina lake wala la shule. Simu ilale chumba chenu.

Na urudie hatua ya 1, 6 na 7 kila likizo. Gemu hubadilishwa, Clash of Clans wenyewe mwaka 2025 waliondoa muda wa kungoja kufunza askari, kitu kilikuwa hapo miaka mingi. Inaeza kubadilika kuwa nzuri, inaeza kubadilika kuwa mbaya.

Kama ni hapana, mwambie ukiwa na daftari mkononi. Kijana wangu nilimpa asome mwenyewe ile orodha ya usiku, mara kumi na moja, na saa zake. Alisoma mpaka chini, akakaa kidogo, akaniuliza kama kuna ingine ya kujenga mji ambayo haina ngao. Tukafungua Play Store, yeye ndiye alishuka mpaka chini kutafuta bei.